Kuunganisha stoo, lori na dalali wa viazi bila seva

Viazi vya Umalila vikifika Mbeya mjini vimeshapita mikono mingi, na kila mkono una daftari lake. Dalali wa Mwanjelwa hajui stoo ya Uyole imebaki na nini, mwenye stoo hajui lori limefika wapi, basi simu zinapigwa kutwa. Mimi huwafungia Syncthing, programu ya bure inayopeleka mafaili kutoka kifaa hadi kifaa, pasipo kompyuta ya bosi yeyote katikati.

Hatua ya 1: Kabla ya kugusa simu, gawaneni uandishi. Mwenye stoo aandike mzigo, mwenye lori safari, dalali oda na bei. Kila mmoja faili lake, wengine wasome tu. Wawili wakihariri faili moja kabla vifaa havijaonana, programu haiunganishi maandishi yao. Toleo la karibuni linabaki, lile jingine linaongezewa "sync-conflict" kwenye jina, na hapo mabishano huanza.

Hatua ya 2: Andikeni kilo za mizani, si magunia. Gunia la lumbesa la shambani na gunia la sokoni ni vitu viwili. Mstari mmoja uwe hivi: "12/6, viazi, kilo 3,850, stoo ya Uyole". Msipokubaliana hapa, msiendelee.

Hatua ya 3: Sakinisheni. Kwenye Android chukueni Syncthing-Fork, maana programu rasmi ya Android ilisitishwa mwishoni mwa 2024. Skani msimbo wa QR wa mwenzako, naye akukubali. Hakuna akaunti wala namba ya simu.

Hatua ya 4: Folda yenye faili lako iwe "Send Only" (kutuma tu) kwenye simu yako, na kwa wenzako "Receive Only" (kupokea tu). Wanaopokea wawashe utunzaji wa matoleo ya zamani. Bila hivyo, mwenzako akifuta faili, na kwako limekwenda.

Hatua ya 5: Kila folda ishirikishwe kwa wote watatu. Vifaa hupashana habari vikiwa hewani kwa wakati mmoja, na vikiwa kwenye waifai moja havihitaji bando. Kwa hiyo hata stoo ikikosa intaneti, simu ya dereva inachukua faili kwa waifai hiyo pale pale mzigo unapopakiwa, kisha inamkabidhi dalali akishaunganishwa naye sokoni.

Bei ya kununulia shambani mwenye stoo aiache nje ya folda. Ikiwemo, dalali lazima ataisoma.