Kumpata daktari bingwa wa patholojia wa kuongoza maabara ya hospitali Tanga: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mganga mfawidhi au katibu wa hospitali binafsi au ya dini mkoani Tanga inayotaka kuacha kupakia vinyama (vipande vya mwili vilivyotolewa kwa mgonjwa ili vichunguzwe ugonjwa) kwenye basi la Dar es Salaam na kuanza kuvisoma kwa hadubini yenyewe. Hospitali za serikali zina njia yao, maana ajira zao hupitia Sekretarieti ya Ajira, lakini hatua ya 1 na ya 6 zitawafaa hata wao.

Hatua ya 1: Kagua meza kabla ya kutafuta mtu

Bingwa anayejua kazi yake ataomba kuiona maabara kabla hajauliza mshahara. Asipoipenda ataaga kwa heshima zote, na simu yako hataipokea tena. Kwa hiyo fuata mwenyewe safari ya kinyama, kutoka chumba cha upasuaji mpaka kwenye jibu lililosainiwa.

Anzia kwenye chupa. Fomalini, dawa ya kuzuia kinyama kisioze, iwe ya asilimia 10 iliyotiwa bafa (chumvi za kuizuia isigeuke tindikali), na ujazo wake uwe angalau mara 10 ya kinyama. Hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa. Titi zima likitumbukizwa kwenye ndoo jioni ya Ijumaa bila kuchanwa, Jumatatu litaonekana zima kwa nje huku katikati limeshaharibika, na hapo hakuna bingwa wa kuliokoa. Lichanwe vipande vya kama sentimita 1, mfano wa mkate wa slesi, ndani ya saa moja tangu litolewe. Amueni mapema nani anachana wakati daktari hayupo.

Kisha mashine ya kuchakata vinyama. Hufanya kazi usiku kucha, kati ya saa 12 na 16, ikihamisha vinyama kutoka fomalini kwenda alkoholi, zaileni, na mwisho nta ya moto. Umeme ukikatika saa nane usiku na jenereta inamsubiri mlinzi aamke, vinyama vya wagonjwa wote wa siku ile vinaweza kukauka au kuwa vigumu kama kokwa. Jenereta iwake yenyewe, na mashine iwe na betri ya kuishikilia hizo dakika chache.

Chumba cha kukatia nacho kina adui yake Tanga, naye ni pangaboi. Maikrotomu, mashine ya kukata kinyama kilicho ndani ya nta, hukata utepe wa unene wa maikromita 3 hadi 5, na upepo mdogo tu huubeba ukaenda kubandika ukutani. Lakini ukizima pangaboi joto la mchana linalainisha nta, na utepe unakunjamana kwenye kisu. Hapo panatakiwa kiyoyozi kisichopuliza mezani, na sahani ya barafu ya kupoozea bloku, yaani kile kipande cha nta chenye kinyama ndani. Meza ya kukatia vinyama vikubwa iwe na feni ya kunyonya mvuke kwenda nje ya jengo. Fomalini inayowasha macho ni dosari ambayo mgeni huigundua akiwa bado mlangoni.

Mwisho hesabu akiba: visu vya maikrotomu, nta, zaileni, rangi za hematoksilini na eosini, vioo vya slaidi na vifuniko vyake. Vya miezi mitatu viwe kabatini. Mara nyingi kazi haisimami kwa kukosa bingwa, inasimama kwa kukosa boksi moja la visu.

Hatua ya 2: Amua unamtaka bingwa yupi

"Patholojia" mdomoni mwa watu ni maabara nzima. Kitaaluma, anayesoma vinyama na seli si yule wa magonjwa ya damu, wala si yule wa vimelea na bakteria. Kila mmoja ana shahada yake ya MMed, ile ya ubingwa. Ukimwajiri msomaji wa vinyama kisha ukamkabidhi benki ya damu na mashine za kemia, atakuwa msimamizi wa jina tu. Kama wingi wa kazi yako ni vinyama vya upasuaji, vipimo vya mlango wa kizazi na sindano za uvimbe (seli zilizonyonywa kwenye uvimbe kwa sindano), tafuta wa patholojia ya anatomia, yaani huyo msomaji wa vinyama na seli. Kama hesabu yako ya mwaka inaonyesha vinyama vichache, kwa mfano 10 kwa wiki, mkataba wa siku mbili kwa wiki, au kushirikiana na hospitali ya jirani ya Muheza au Korogwe, una akili zaidi kuliko ajira kamili.

Hatua ya 3: Andika mamlaka kabla ya mshahara

Hapa ndipo ndoa nyingi huvunjikia. Daktari anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wataalamu wa maabara wana baraza lao. Meneja wa maabara amekuwepo miaka, funguo za stoo anazo yeye, na mara anatokea bosi mpya asiyejua namba ya fundi wa mashine.

Andikeni ukurasa mmoja, wote wawili wasaini. Daktari: kusaini majibu ya vinyama, kukataa sampuli mbovu, kuidhinisha njia za vipimo, kusimamisha kipimo kisichoaminika. Meneja: zamu, manunuzi, matengenezo, kumbukumbu za ubora. Mambo mawili muwe nayo pamoja, bajeti na nidhamu ya wafanyakazi. Kiwango cha ISO 15189 cha 2022, cha kimataifa cha ubora wa maabara za tiba, kinamruhusu mkurugenzi wa maabara kukasimu majukumu, ila dhamana ya mwisho inabaki kwake. Basi usimpe daktari dhamana bila uwezo wa kusema "leo hatupokei".

Uchunguzi wa maiti uandikwe pia. Polisi wakileta maiti saa tatu usiku nani anaitwa, analipwa nini, na siku ya kwenda mahakamani kutoa ushahidi inahesabiwa kuwa ya kazi au ya likizo?

Hatua ya 4: Tangazo

Liwe fupi lenye namba. Mfano:

"Daktari bingwa wa patholojia ya anatomia, hospitali ya vitanda 150, Tanga mjini. Vinyama kama 40 kwa wiki, sindano 10. Wataalamu wa histolojia wawili. Mashine ya kuchakata, maikrotomu, hadubini ya vichwa viwili. Nyumba ipo. Muda wa masomo wiki mbili kwa mwaka."

Hesabu ziwe zako za kweli. Tangazo lenye "mchapakazi, mwenye kujituma" halimwambii bingwa kitu. Lipeleke kwenye vyuo vinavyofundisha fani hii, Muhimbili na Bugando wakiwemo, maana wengi hupata habari za nafasi kwa walimu wao.

Hatua ya 5: Vyeti

Hakiki usajili na leseni hai kwenye Baraza lenyewe, si kwenye nakala aliyokuletea. Shahada ya nje itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu. Kwa mgeni, kibali cha kazi hutolewa kwa miaka isiyozidi 2 kwa mara moja, na sheria ya 2015 ya ajira za wageni inakudai mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi. Anza mapema.

Hatua ya 6: Usaili wa slaidi

Maswali ya mezani hayakuonyeshi jicho. Mpe hadubini, slaidi 12 na saa 2. Ziazime kwenye hospitali ya kufundishia, zenye majibu yaliyokubaliwa na wasomaji wawili, majina yamefutwa, kila moja na mstari mmoja wa historia ya mgonjwa.

Mchanganyiko unaofaa: tatu za kila siku (kidole tumbo, fibroadenoma ya titi, ule uvimbe usio saratani, mimba zabibu), saratani nne (mlango wa kizazi, titi, tezi dume, Kaposi), tezi mbili za shingo, moja ya kifua kikuu na moja ya limfoma (saratani ya tezi), sindano ya uvimbe moja, na kibofu cha mkojo chenye mayai ya kichocho huku saratani ikiwa pembeni. Hii ya kibofu ni ya pwani yetu hasa. Msomaji mwenye haraka huona mayai, huandika kichocho, hufunga faili.

Ya kumi na mbili iwe mbovu makusudi: imekunjamana, rangi hafifu, haisomeki. Anayeandika "bloku ikatwe upya" amefaulu. Anayeijibu ili kukuridhisha ndiye atakayejibu slaidi mbovu ya mgonjwa ili kumridhisha daktari wa upasuaji.

Usihesabu alama sawasawa. Kuita saratani kisicho saratani, au kinyume chake, kuna uzito kuliko kukosea daraja. Na aliyepata 10 akaandika kwenye mbili "naomba rangi ya ziada" au "naomba jicho la mwenzangu" ni salama kuliko mwenye 12 za uhakika asiyesita popote.

Halafu swali moja la mdomo: fundi amekuletea bloku mbili zenye namba moja, majibu yote yanadaiwa leo. Jibu unalolitaka ni hili: kuzuia majibu yote mawili, kurudi kwenye daftari la kukatia na mabaki ya vinyama yaliyohifadhiwa kwenye fomalini, kuwapigia madaktari husika, kuandika tukio. Akianza na nani aadhibiwe, andika hilo kwenye karatasi yako.

Aje pia na ripoti zake tatu zilizofutwa majina. Ya titi ikose ukubwa wa uvimbe, daraja, hali ya kingo na idadi ya tezi, jua daktari wa saratani atakuwa anampigia simu kila wiki.

Hatua ya 7: Wadhamini

Mpigie daktari wa upasuaji aliyekuwa akipokea majibu yake, si mkuu wa idara peke yake. Muulize majibu yalichukua siku ngapi, na ilikuwaje walipotofautiana.

Hatua ya 8: Mkataba

Mshahara wa mwezi ni bora kuliko malipo kwa kila slaidi, ambayo humpa daktari sababu ya kukimbia. Likizo ya sheria ni siku 28, na bingwa ni mmoja: mtaje ndani ya mkataba msomaji wa akiba, na namna bloku zitakavyomfikia. Shule ya watoto na kazi ya mwenza zungumzeni kabla ya kusaini. Tanga inasifika kwa waja leo waondoka leo, na bingwa ambaye familia imebaki Dar ataipanda hiyo barabara ya kilomita 350 kila Ijumaa mpaka siku moja asirudi.

Hatua ya 9: Miezi mitatu ya mwanzo

Wiki mbili za kwanza asome bloku za zamani zenye majibu, asisaini kitu. Kisha kesi 50 za kwanza zisomwe pia na bingwa wa nje kabla hazijatoka. Baada ya hapo saratani zote mpya, na moja kati ya kila kumi ya zilizobaki. Lengo la siku za majibu liwekwe ukutani mwa maabara na wodini: vinyama vidogo siku 5 za kazi, vikubwa 10. Huduma ya kusoma kinyama kilichogandishwa mgonjwa akiwa bado mezani, inayotaka jibu ndani ya dakika 20, isianze mpaka hizo nyingine zitulie.

Kila Jumatatu akae na meneja na daktari wa upasuaji nusu saa, mezani liwepo daftari la sampuli zilizokataliwa. Likiwa tupu mwezi mzima, nenda chumba cha upasuaji ukatazame chupa.