Breka Imekata Baada ya Radi: Kagua Kabla ya Kuirudisha

Katika miji ya Kanda ya Ziwa kama Bukoba na Mwanza, fundi umeme huitwa mara nyingi baada ya mvua za radi kwa tatizo lile lile: breka imekata, mwenye nyumba ameipandisha, nayo imekata tena. Breka haikutengenezwa kuzuia radi. Kazi yake ni kukata umeme unapozidi uwezo wa waya au kunapotokea shoti, na hata ikiwa nzima huchukua milisekunde kadhaa kufunguka, ilhali msukumo wa radi hupita katika sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ikikata, chukulia kwamba huenda madhara yameshatokea, kisha yatafute kwa utaratibu ufuatao.

Hatua ya 1. Subiri dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, kisha chomoa plagi zote pamoja na waya wa dishi la televisheni, ambao wengi huusahau ingawa nao ni njia ya radi kuingilia.

Hatua ya 2. Tazama boksi la breka bila kufungua kifuniko. Ukiona masizi au plastiki iliyovimba, au ukisikia harufu ya kuungua, usipandishe chochote, mwite fundi.

Hatua ya 3. Shusha breka zote, pandisha swichi kuu, kisha pandisha breka ndogo mojamoja. Inayokata wakati hakuna kilichochomekwa inaonyesha kwamba hitilafu iko kwenye nyaya, swichi au taa. Mimi huanza na taa ya nje, kwa sababu mara nyingi holda yake huwa imeingia maji. Taa zikiwaka kwa ukali usio wa kawaida, zima swichi kuu mara moja na uwaarifu watu wa shirika la umeme, kwani huenda nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, imeachia kwenye nguzo.

Hatua ya 4. Hii ni ya fundi. Baada ya kuzima umeme, pima insulesheni ya nyaya, yaani ganda linalozuia umeme usivuje, kwa kipimo cha volti 500. Usomaji usipungue megaomu 1. Mita ya kawaida inayotumia betri haitoshi, maana ufa mdogo kwenye insulesheni unaweza kujificha mbele ya volti chache kisha ukavujisha umeme kwenye volti 230. Toa kwanza balbu za LED na vifaa vyote vya elektroniki, la sivyo kipimo kitakudanganya au kitaviunguza.

Hatua ya 5. Umeme ukirudi, bonyeza kitufe chenye herufi T kwenye breka ya kuzuia umeme unaovuja, ile ya miliampea 30. Isipokata, ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Mwisho, kagua kibano kinachoshika waya wa erthi kwenye fimbo iliyochimbiwa ardhini. Kikiwa na kutu ya kijani au kimelegea, kisafishwe na kukazwa kabla hujanunua sarji protekta, yaani kifaa cha kukinga vyombo vya umeme dhidi ya radi, kwa kuwa kifaa hicho huumwaga msukumo wa radi ardhini kupitia waya huo huo. Na kama unacho tayari na kidirisha chake kimegeuka chekundu, kimekwisha kazi.