Kazi sita, dakika 45: namna ya kuandaa mhadhara wa sanaa kwa Kiswahili jijini Kampala

Mhadhara wa makumbusho huharibika mezani, wiki nyingi kabla ya siku yenyewe, pale mwandaaji anapoandika sentensi ya kwanza: "Alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani." Watu wamepanda boda na kukaa foleni ya magari ili waje kutazama, kisha wanasomewa wasifu. Anza na kazi, maneno yatafuata. Kwa dakika 45, kazi sita zinatosha. Kila moja ipe dakika tano, jumla 30. Dakika tano ni za kufungua, na kumi zinazobaki usizipangie chochote, maana kebo itagoma au mzee mmoja atauliza katikati. Mwenye slaidi 40 hafundishi, anapekua albamu.

Kazi hizo sita zifungwe na swali moja. Mchukue Sam Ntiro, mchoraji Mchaga wa Kilimanjaro aliyezaliwa 1923, akasoma na kufundisha Makerere, na baadaye akawa balozi wa Tanganyika London. Jumba la sanaa za kisasa la New York, MoMA, lilinunua picha yake mwaka 1960. Swali lake linaweza kuwa hili: mtu aliyefika hadi chuo cha sanaa cha Slade, London, kwa nini aliendelea kuchora watu wa kijijini kwao kwa maumbo mepesi, bila kuhangaika na vivuli na umbali kama Wazungu? Jibu linakupeleka kwa Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwaka 1937. Mara nyingi hakuwawekea wanafunzi chungu wala matunda mezani wayanakili. Aliwasimulia tukio, wakachora walichokiona kichwani. Kisha linakupeleka kwa Cecil Todd, aliyeshika shule hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuingiza nadharia ya rangi na historia ya sanaa ya Ulaya. Historia nzima ya shule imeingia, na hukulazimika kusoma orodha ya miaka.

Ukitaka mchongaji, Gregory Maloba anakusaidia kwa sababu kila mkazi wa Kampala amekwisha kuiona kazi yake: mnara wa Uhuru wa 1962, karibu na hoteli ya Sheraton, mama anayemfungua mtoto na mtoto anainua mikono juu. Theresa Musoke ana mchoro wa ukutani katika bweni la Mary Stuart, Makerere. Elimo Njau ana michoro ya kanisa kuu la Murang'a, Kenya, ya 1959. Hiyo huwezi kumpeleka mtu jioni moja, kwa hiyo itabaki slaidi.

Mahali na ruhusa

Usichague ukumbi kwa sababu una viti vizuri. Uliza kwanza kazi iko wapi. Jumba la Makumbusho la Uganda, Kira Road, lilianza 1908 na likahamia jengo lake la sasa mwaka 1954, jengo lililosanifiwa na Mjerumani Ernst May. Nguvu yake iko kwenye vitu vya utamaduni, ala za muziki na historia. Mhadhara kuhusu kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, au umbo la ngoma, unakaa pale vizuri sana. Kwa uchoraji wa shule ya Trowell nenda kwenye jumba la sanaa la Makerere. Jumba la sanaa la Nommo, Nakasero, lililofunguliwa 1964, ni la maonyesho yanayobadilika, basi hakikisha kilichopo ukutani mwezi huo.

Andika barua wiki sita kabla. Kwa Jumba la Makumbusho la Uganda iende kwa Kamishna wa Makumbusho na Minara, chini ya wizara ya utalii. Taja tarehe, saa ya kuingia na ya kutoka, idadi ya watu, vifaa vya umeme utakavyoleta, na orodha ya kazi unazotaka kuzionyesha kwa majina na namba zake za kumbukumbu. Hizo namba ndizo husahaulika. Bila namba, mtunzaji hawezi kukwambia kama kazi iko ukutani, stoo, au imeazimwa. Usitoe tangazo kabla hujaiona kwa macho yako.

Ukitaka kuchapa picha ya kazi kwenye bango, fahamu kwamba jumba linaweza kumiliki kitu chenyewe bila kumiliki haki ya kukinakili. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Ntiro alifariki 1993, kwa hiyo familia yake bado ina la kusema.

Picha za kwenye slaidi

Kosa kubwa hapa ni kupakua picha ndogo ya intaneti na kuivuta hadi ijae ukuta. Slaidi ya kawaida ina pikseli 1920 kwa 1080. Ukitaka kuonyesha kona tu ya picha, faili la awali liwe na upana wa pikseli 4000 au zaidi, la sivyo utaonyesha ukungu.

Ukiruhusiwa kupiga mwenyewe, zima flashi. Simama sawasawa na katikati ya picha, kamera ikiwa kimo kimoja nayo, urudi nyuma kisha uvute kwa lenzi. Ukisogea karibu kwa simu, fremu inapinda kingo kama nyumba ya udongo baada ya mvua. Taa mbili zikae kila upande kwa pembe ya nyuzi 45, umbali sawa. Kama kuna kioo na unajiona ndani yake, mtu ashike shuka jeusi nyuma yako na kamera itokeze kwenye tundu. Weka karatasi nyeupe kando ya picha katika pigo la kwanza, ukarekebishe rangi kwa kuifuata. Usipofanya hivyo, udongo mwekundu wa mchoraji utageuka rangi ya chungwa, na mtu aliyeiona kazi yenyewe atakukatiza mbele ya watu, tena kwa haki.

Slaidi ina udanganyifu mmoja mbaya: hulinganisha kila kitu. Guernica ya Picasso ina kimo cha mita 3.49 na upana wa mita 7.77. Mona Lisa ya Leonardo ni sentimita 77 kwa 53, kama mlango wa kabati dogo. Ukutani zinaonekana sawa. Dawa yake ni kamba na boksi. Kata kamba ya mita 7.77, watu wawili waishike kila mmoja mwisho wake, na ukumbi utanyamaza wenyewe. Kwa Mona Lisa, kata kadibodi kwa vipimo vyake uipitishe safu hadi safu. Kwa kazi yoyote unayoionyesha bila ya kuwa nayo, andika vipimo chini ya picha kwa sentimita.

Maandishi ya slaidi yasiwe chini ya saizi 28, tena yawe jina la kazi, mwaka, malighafi na vipimo, basi. Mwaka uchukue kwenye lebo ya jumba au daftari ambamo jumba huandika kazi linazopokea, maana vitabu hupishana. Na jina la Kiingereza la picha si lazima liwe la msanii, mara nyingine lilibandikwa na mwenye maonyesho. Ukilitafsiri, sema kwamba ni tafsiri yako.

Maneno

Hapa ndipo mhadhara wa Kiswahili unaposhinda au kuanguka, na wengi hulipitia jambo hili juu juu. Msikilizaji wako mmoja ni askari mstaafu aliyejifunza Kiswahili kambini, mwingine ni Mnubi wa Bombo, mwingine katoka Goma, na wanafunzi wawili wamesoma cha darasani. Maneno ya kamusi yatawapoteza watatu kati yao.

Chukua "msanii". Kwenye bango, wengi watadhani anakuja mwanamuziki, na vijana wa mjini wanalitumia kwa mtu mjanjamjanja. Andika "mchoraji" au "mchongaji". "Turubai" ndiyo tafsiri ya vitabuni ya kitambaa cha kuchorea, lakini mtaani turubai ni lile la kufunika lori. Sema "kanvasi", au "kitambaa cha kuchorea". "Picha" ni ya kamera na ni ya brashi pia. Basi mara ya kwanza sema "picha ya rangi za mafuta", na baada ya hapo "picha" peke yake itaeleweka. "Sanamu" Pwani huweza kuwa hata picha, lakini Kampala ni kitu cha kuchongwa au kufinyangwa. Ukikwama, Luganda kina "ekifaananyi" kwa picha na "ekibumbe" kwa sanamu. Tamka neno hilo mara moja, uendelee. Hakuna aibu.

Kwa picha isiyofanana na kitu chochote, neno "dhahania" ni sahihi, ila halimfikishi mtu popote. Sema kinachoonekana: "hapa hakuna mtu wala mti, kuna mstari mwekundu unaosukuma mstari mweusi." Ndiyo njia ya kuzungumza juu ya kila kazi, kwa mpangilio huu: waache watazame sekunde 30 bila wewe kusema neno (ni ndefu kuliko unavyodhani, hesabu kimoyomoyo), kisha uliza wanaona nini, kisha eleza imetengenezwaje, na mwisho kabisa ndiyo maana na historia. Ukianza na maana, macho yanalala.

Andika orodha ya maneno 12 utakayoyatumia, uyashikilie hayohayo hadi mwisho. Ukisema "mtunzaji" mwanzoni na "mratibu" baadaye, watu watadhani ni watu wawili.

Siku yenyewe

Bango liandike saa kwa namna mbili: saa 11 jioni, 17:00. Luganda na Kiswahili huhesabu saa kwa njia moja, lakini simu na matangazo ya Kiingereza hayafuati, na mtu akiona "11" tupu anaweza kufika asubuhi. Saa 11 ni nzuri kwa sababu nyingine pia. Kampala iko karibu na ikweta, jua huzama kati ya saa 12:30 na saa 1 na dakika chache mwaka mzima, kwa hiyo ukianza kwa wakati, hotuba na maswali humalizika kabla ya magharibi na Waislamu hawakukimbii katikati ya kazi ya tano.

Wanaokula muda ni itifaki. Wimbo wa taifa, wimbo wa Jumuiya, salamu za mwenyekiti, kumsubiri mgeni rasmi: nusu saa imekwisha. Ushauri ni kumweka mgeni rasmi mwishoni, aseme baada ya kuona. Akichelewa, hakuna kilichosimama.

Ukumbi wenye madirisha makubwa unataka projekta ya lumeni 3500 au zaidi, na pazia zito. Ya lumeni 2000 itakupa picha iliyochujuka kama kanga ya miaka kumi. Safu ya mwisho isiwe mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha ukutani: picha ya mita 2, viti viishie mita 12. Beba kebo ya HDMI ya mita 10, adapta ya kompyuta yako mwenyewe, na nakala ya slaidi kwenye flashi diski kama PDF, maana fonti hubadilika kwenye kompyuta ya mwenzio.

Umeme ukikatika, jenereta huchukua muda kuwaka, na projekta yenye taa ya balbu ikizimika ghafla huhitaji kupoa kabla ya kuwaka tena. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya kuishikilia kwa dakika chache inaondoa balaa hilo. Weka pia karatasi za A4 zenye kazi zote sita, moja kwa kila watu wawili. Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba, mvua ikipiga mabati hata kipaza sauti hakisikiki. Hapo ndipo karatasi hizo zinapofanya kazi: nyamaza, waache watazame.

Sehemu ya kutembea mbele ya kazi ifanyike kwa makundi ya watu 15, si zaidi. Mikoba ya mgongoni ivaliwe mbele au iachwe mlangoni, kwa kuwa mtu akigeuka ndipo inapokwangua. Kuandika ni kwa penseli, kalamu ya wino inabaki mfukoni. Simama pembeni ya kazi, usimame mbele yake, na onyesha kwa mkono ulio umbali wa nusu mita. Kazi za karatasi na rangi za maji hazipaswi kupata mwanga zaidi ya laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), rangi za mafuta zinavumilia hadi 200. Basi usiombe taa ziongezwe. Mwambie kila mtu asubiri dakika mbili, macho yazoee.

Maswali: dakika 20. Kipaza sauti kishikwe na msaidizi, kisiachwe mkononi mwa muulizaji. Akianza hotuba, sema kwa heshima, "Ahsante mzee, na swali lako ni lipi?" Kwa mama mwenye neno refu, vivyo hivyo. Wa kwanza kupewa nafasi awe kijana au mtu wa safu ya nyuma. Akianza mkubwa, wadogo hawatainua mkono tena.

Rekodi kwa simu iliyo katika hali ya ndege, mita moja kutoka kwa msemaji, mbali na feni. Ukiisikiliza kesho yake, weka alama kila neno ambalo watu waliomba lirudiwe. Hayo ndiyo ya kufuta kwenye ile orodha ya 12.