Uchakavu wa ofisi ya nyumbani: hesabu ambayo Waswahili wengi Marekani wanaikimbia

Kila mwaka fomu za 1099 (za malipo ya waliojiajiri) zikishaanza kuingia kwenye sanduku la barua, maswali ni yale yale. Wakalimani wa hospitali na mahakama, madereva wenye malori yao, wasusi, akina mama wanaolea watoto wa wenzao nyumbani. Wengi huwa wameshapewa jibu na mtu waliyekutana naye msikitini au kanisani: "Weka gharama zote, ila uchakavu usiuguse, maana siku ukiuza nyumba watakudai." Uchakavu ni makato ya kodi ya kila mwaka ya kipande cha thamani ya jengo unalolitumia kwa kazi. Ushauri huo una nusu ya ukweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu.

Kwanza tuwatoe wasiohusika. Kama unalipwa mshahara na mwisho wa mwaka unapewa W-2, makato ya ofisi ya nyumbani hayakuhusu kwenye kodi ya serikali kuu, hata kama bosi wako amekuruhusu ufanye kazi sebuleni wiki nzima. Yaliondolewa kuanzia mwaka wa kodi 2018, na sheria ya 2025 imeyafunga moja kwa moja. Mwongozo huu ni wa anayejaza Schedule C, yaani aliyejiajiri. Na kama umepanga, huna uchakavu wa jengo wa kudai, kwa kuwa nyumba si yako. Wewe unadai sehemu ya pango. Tunaongea na wenye nyumba.

Sharti la msingi ni kwamba sehemu hiyo ya nyumba itumike kwa kazi tu, na itumike mara kwa mara. Hapa ndipo nyumba zetu zinapotukwamisha. Chumba kina meza, kompyuta, kabati la mafaili, halafu pembeni kuna godoro limesimamishwa ukutani likimsubiri shangazi anayekuja Juni na kukaa mpaka Septemba. Shangazi akilala humo, chumba kimekuwa cha wageni, na sharti la "kazi tu" limevunjika. Dawa si kumkatalia mgeni. Sheria haidai chumba kizima wala ukuta wa kutenganisha: unaweza kuhesabu kona ya chumba peke yake, ilimradi kona hiyo haifanyiwi kitu kingine. Pima, piga picha yenye tarehe, weka kwenye faili. Wanaolea watoto wana afueni yao: wakiwa na leseni, au wameshaiomba, au jimbo limewasamehe kuwa nayo, hawabanwi na sharti la kazi tu. Wao wanagawanya saa za kulea kwa saa 8,760 za mwaka, kisha wanazidisha kwa sehemu ya nyumba inayotumika.

Wengine hujitoa wenyewe bila sababu. Mkalimani anayeshinda hospitalini anadhani hana ofisi ya nyumbani kwa sababu kazi yenyewe anaifanyia wodini. Hapana. Kama ankara, ratiba, vitabu vya hesabu na barua za wateja anavishughulikia nyumbani, na hana mahali pengine maalumu pa kufanyia kazi hizo za uendeshaji, ofisi yake ni ya nyumbani. Dereva wa lori vilevile.

Njia za kudai ni mbili. Ya mkato ilianza mwaka wa kodi 2013: dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300, yaani dola 1,500 kwa mwaka. Haina uchakavu ndani yake, na kwa mwaka uliotumia njia hiyo uchakavu unahesabiwa kuwa sifuri, kwa hiyo hakuna cha kudaiwa baadaye. Njia ya pili ni ya gharama halisi, kupitia Fomu 8829. Unaruhusiwa kubadilisha mwaka hadi mwaka, lakini mwaka ukishauchagulia njia, umeshauchagulia.

Tuseme mtu ana nyumba Columbus aliyoinunua dola 310,000. Kiwanja peke yake kina thamani ya dola 60,000, na kiwanja hakichakai, kwa hiyo kinatolewa. Linabaki jengo la 250,000. (Mgawanyo huo huwa umeandikwa kwenye tathmini ya kodi ya nyumba inayotolewa na kaunti, usiubuni kichwani.) Nyumba ina futi za mraba 2,000 na ofisi futi 160, ambayo ni asilimia 8. Asilimia 8 ya 250,000 ni dola 20,000. Hicho ndicho kinachochakaa.

Kinachakaa kwa miaka 39. Watu wengi huandika 27 na nusu kwa kuwa wamezoea nyumba za kupangisha, lakini chumba cha biashara ndani ya nyumba unayoishi kinahesabiwa kama jengo lisilo la makazi. Mwaka mzima ni asilimia 2.564, sawa na dola 513. Mwaka wa kwanza unategemea mwezi ulioanza kukitumia: ukianza Januari ni asilimia 2.461, Machi 2.033, Desemba 0.107 tu. Mwaka huo wa kwanza ambatisha na Fomu 4562, ya uchakavu. Angalizo jingine: unatumia bei uliyonunulia pamoja na maboresho, au bei ya soko siku ulipoanza kukitumia chumba kwa kazi, ile iliyo ndogo. Aliyenunua nyumba kwa bei ya chini 2012 hawezi kutumia bei ya leo.

Sasa linganisha. Njia ya mkato inampa futi 160 mara 5, dola 800. Kwa gharama halisi, tuseme riba ya mkopo wa nyumba ni 14,000 kwa mwaka, kodi ya nyumba 4,000, bima 1,800, umeme, gesi na maji 4,200. Asilimia 8 ya jumla hiyo ni dola 1,920. Ongeza uchakavu, unafika 2,433. Na kuna jambo linalosahaulika: wengi wetu tunachukua makato ya jumla (standard deduction), ambayo kwa wanandoa yalikuwa dola 31,500 mwaka 2025, kwa hiyo riba ya nyumba haitusaidii chochote upande mwingine wa fomu. Kwenye 8829 asilimia 8 ya riba hiyo inafufuka.

Kuna ukomo. Makato ya ofisi hayawezi kuzidi mapato ya biashara baada ya gharama zake nyingine, na uchakavu uko mwisho wa foleni. Mwaka mbovu wa kazi unaweza kuusukuma wote mwaka unaofuata. Kwa gharama halisi kilichobaki unakibeba. Kwa njia ya mkato kinapotea.

Tuje kwenye hofu yenyewe, siku ya kuuza. Ukiwa umeimiliki nyumba na kuishi humo angalau miaka 2 kati ya 5 ya mwisho, faida hadi dola 250,000 kwa mtu mmoja, au 500,000 kwa wanandoa, kwa kawaida haitozwi kodi ya serikali kuu. Uchakavu wa baada ya tarehe 6 Mei 1997 haumo kwenye msamaha huo. Hapo mtu wa kanisani amesema kweli. Asichokisema ni kiasi. Mwenye nyumba wetu wa Columbus, aliyeanza Machi, baada ya miaka 10 atakuwa amedai kama dola 5,020. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya fedha hiyo ni asilimia 25, kwa hiyo ni kama dola 1,255. Basi.

Na alipokuwa akiidai alipata nini? Uchakavu unapunguza faida ya Schedule C, na faida hiyo inatozwa kodi mbili: ya mapato, na ya kujiajiri ambayo ni asilimia 15.3 ya karibu faida yote. Aliye kwenye ngazi ya asilimia 22 ya kodi ya mapato kwa kawaida anaokoa senti 30 au zaidi kwa kila dola ya uchakavu, na anaziokoa sasa. Akiuza anarudisha zisizozidi 25, baada ya miaka, na safari hiyo hakuna kodi ya kujiajiri juu yake. Mimi sioni cha kukimbia hapo.

Kinachonisumbua zaidi ni wale wa katikati: wanadai gharama halisi lakini mstari wa uchakavu wanauacha mtupu wakidhani wamejikinga. Sheria inaangalia uchakavu uliochukua au uliostahili kuchukua. Ili uhesabiwe kile kidogo ulichodai kweli, ni wewe utakayeleta kumbukumbu za kuthibitisha, na aliyehama majimbo matatu hana ritani (fomu za kodi alizowasilisha) za miaka 12 iliyopita. Kama unauogopa uchakavu kweli, chukua njia ya mkato ulale usingizi.

Ofisi iliyo kwenye jengo la pembeni, kama gereji iliyojitenga iliyogeuzwa saluni, ina kanuni tofauti: ukiuza, faida inagawanywa, na fungu la jengo hilo linaweza kukosa msamaha kabisa, si uchakavu wake peke yake. Na nyumba ya Kigamboni au Kitengela unayoipangisha si habari ya 8829. Hiyo inaingia Schedule E, ya mapato ya kupangisha, na ikiwa ilianza kupangishwa baada ya 2017 inachakaa kwa miaka 30.

Aliyeruka uchakavu mwaka mmoja tu anaweza kurekebisha ritani hiyo kwa Fomu 1040-X, kwa kawaida ndani ya miaka 3. Aliyeuruka miaka miwili mfululizo au zaidi anatumia Fomu 3115, ambayo inamruhusu kudai wote uliopita ndani ya mwaka mmoja. Si fomu ya kujaza peke yako usiku wa tarehe 14 Aprili. Tafuta mhasibu aliyewahi kuijaza, na umpelekee hati ya ununuzi wa nyumba, tathmini ya kaunti, vipimo vya chumba na ritani zako zote tangu ulipoanza kukitumia.