Somo: Kuseti tapeti za Beetle ya zamani nyumbani kwako

Beetle ikipiga kelele kidogo kule nyuma, iache ipige. Ya kuiogopa ni ile iliyonyamaza.

Naanza hapo kwa sababu wengi wanapeleka gari kwa fundi wakilalamika "tapeti zinagonga", fundi anakaza mpaka kelele inaisha, wote wanafurahi, na baada ya miezi michache valvu ya ekzosti imeungua. Kwenye hizi injini za kupozwa kwa hewa, valvu ikichakaa nafasi ya tapeti mara nyingi inapungua badala ya kuongezeka. Kiti cha valvu kinaliwa, shina linavutika kwa joto, na ile nafasi ndogo kati ya roka (mkono unaoibonyeza valvu ifunguke) na valvu inakwisha kimyakimya. Valvu inapoza kichwa chake kwa kukaa kwenye kiti wakati imefungwa. Ukiibana isifunge sawasawa, joto halina pa kwenda. Kwa hiyo tapeti iliyolegea inakupotezea nguvu kidogo na kukupigia kelele, iliyobana inakula hedi (kichwa cha silinda).

Somo hili ni la injini za kawaida za 1200, 1300, 1500 na 1600 zenye kabureta moja. Mimi hupima kila ninapobadilisha oili, yaani kila kilomita 5,000.

Vifaa ni vichache: spana ringi namba 13, bisibisi bapa yenye mdomo mpana, fila geji (mabapa membamba ya kupimia nafasi), boksi la 21 la plagi, gasketi mbili mpya za kava la roka, beseni, matambara. Ongeza daftari na kalamu. Daftari si mapambo, utaona mbele.

Hatua ya kwanza: injini iwe ya baridi kabisa. Sio "imepoa", iwe imelala usiku kucha. Kipimo cha 0.15 mm ni cha injini baridi, kwa valvu zote nane, ingizo na ekzosti. Kama kwenye boksi la feni bado kuna stika ya kiwanda yenye kipimo tofauti, fuata stika, maana baadhi ya injini za mwanzo za 1200 zina vipimo vyake.

Hatua ya pili: zuia matairi ya mbele kwa mawe au vigingi. Kazi hii inawezekana bila kuinua gari kama wewe ni mwembamba na huna haraka. Ukiinua, weka stendi za uhakika chini. Na ile jeki ya asili inayoingia ubavuni isahau kama gari limekula kutu, kwa sababu vile vishikio vya jeki ndivyo huoza mapema, na gari linakaa juu kwa dakika kadhaa za uongo kabla halijashuka.

Hatua ya tatu, toa plagi zote nne ili injini izunguke kwa mkono bila ubishi. Toa kava la distributa (kigawa moto wa plagi). Pembeni mwa mdomo wa distributa kuna kijichongo kidogo: rota (kipande kinachozunguka ndani yake) ikielekea hapo, silinda namba 1 iko kwenye kuwaka. Zungusha kwa kushika nati ya puli ya jenereta kwa spana 21, huku ukibana feni belti kwa mkono mwingine isiteleze, mpaka rota ifike kwenye kijichongo na alama ya puli ya krenki ikae kwenye mstari unaogawa bloku mbili. Puli nyingine zina alama mbili au tatu, watu wanagombana sana kuhusu ipi ni ipi. Kwa tapeti haina shida, tofauti ya nyuzi chache haibadilishi kitu kwani valvu zote mbili za silinda hiyo zimefungwa. Kwa taimingi (wakati wa plagi kuwasha) ndipo itabidi ujue. Weka nukta ya rangi nyeupe upande wa pili wa puli, nusu mzunguko kamili kutoka kwenye alama, itakusaidia sasa hivi.

Namba za silinda: simama nyuma ya gari ukitazama mbele. Kulia kwako, ya mbele ni 1 na ya nyuma ni 2. Kushoto, ya mbele ni 3 na ya nyuma ni 4. Kila upande valvu za pembeni ni za ekzosti, mbili za katikati ni za ingizo.

Hatua ya nne: weka beseni, ingiza bisibisi kwenye waya unaoshika kava la roka, usukume chini. Kava linatoka na oili kidogo inamwagika, usishtuke. Sasa kabla hujagusa nati yoyote, pima na uandike. Wengi wanaruka hapa. Jaribu bapa la 0.15 kati ya skrubu ya roka na ncha ya valvu. Likiingia kwa kuburuta kidogo, kama limepita kwenye grisi nzito, ni sawa. Likipwaya, jaribu la 0.20. Likigoma, shuka 0.10, kisha 0.05. Andika tarehe, kilomita, silinda, ekzosti au ingizo, na ulichokikuta.

Angalia pia ncha ya ile skrubu kwa tochi. Kwenye gari la umri huu mara nyingi imechimbika katikati, kashimo ka duara kanakong'aa. Bapa la fila geji linapita juu ya kashimo kama daraja, wewe unasoma 0.15 kumbe nafasi halisi ni kubwa zaidi, na tapeti itaendelea kugonga hata useti mpaka jioni. Dawa ni skrubu mpya, hazina bei kubwa.

Hatua ya tano ndiyo kuseti. Legeza nati kwa spana 13, weka bapa, zungusha skrubu mpaka uburutaji uwe ule, shikilia skrubu isizunguke kwa bisibisi huku unakaza nati. Pima tena. Lazima, kwa sababu nati ikikaza huivuta skrubu, na karibu kila mara kipimo kinahama. Mkono ukizoea utajua uiache skrubu kidogo ili nati iimalizie.

Ukimaliza 1, zungusha puli ya krenki nusu mzunguko kinyume cha saa, mpaka nukta yako nyeupe ifike kwenye mstari. Umefika silinda 2. Nusu tena, 3. Nusu tena, 4. Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2, ndiyo maana ukirudi kinyumenyume unapata 1-2-3-4 bila kuumiza kichwa.

Hatua ya sita, rudisha makava. Kwangua gasketi kuukuu yote, futa hedi ikauke. Gasketi mpya igundishe upande wa kava tu kwa gundi kidogo, upande wa hedi paka grisi nyembamba. Anayepaka gundi pande zote mbili anajitafutia kazi ya kukwangua safari ijayo.

Tapeti zikishakaa, pitia nafasi ya pointi za distributa (0.4 mm), halafu taimingi. Usianze na taimingi, ukibadilisha pointi taimingi inahama.

Sasa lile daftari. Sema silinda 3 ekzosti uliikuta 0.15, safari iliyofuata 0.10, iliyofuata 0.05, kila mara umeirudisha pahali pake. Hapo usiseti tena ukaondoka. Valvu hiyo inarefuka, na mwisho wa kurefuka ni kichwa kukatika na kudondokea pistoni. Shusha injini, toa hedi. Silinda 3 ndiyo mhanga wa kawaida, kwa sababu kwenye injini za zamani kipoza oili kimekaa ndani ya boksi la feni na kinaizibia hewa. Kuanzia modeli za 1971 walikitoa pembeni kwenye kibanda chake. Kushusha injini si jambo la kutisha, imeshikwa kwenye giaboksi kwa boliti nne. Watu wawili na jeki ya magurudumu wanatosha.

MASWALI

Tanga: Mkuu, ahsante kwa somo. Fundi wangu ni mtu mzima, amefanya kazi na hizi gari tangu ujana, anasema 0.15 ni kubwa, yeye anaweka 0.10. Nimsikilize nani?

Mzee hajakosea, anakumbuka kitabu cha zamani. Injini nyingi kati ya hizi ziliandikiwa 0.10, baadaye kiwanda kikapandisha hadi 0.15. Mwambie kwa heshima kwamba unataka 0.15 na utavumilia kelele. Kama hata 0.10 yenyewe anapima kwa sikio, mpelekee fila geji kama zawadi.

Nakuru: Boss, mimi nabadilisha gasketi ya kava na oili bado inavuja kila siku. Nimeambiwa ninunue makava ya kromu ya kufunga na boliti.

Hayo ya kromu mengi ndiyo yanavuja zaidi, tunza ya asili. Lalisha kava kwenye kioo uone kama limepinda, na waya wake ukiwa mlegevu tafuta mwingine. Halafu safisha upande wote wa chini, endesha kidogo, angalia oili inaanzia wapi. Mara nyingi inatoka kwenye mirija ya pushirodi (fito zinazosukuma roka), pale inapoingia kwenye hedi au bloku, inatiririka mpaka kwenye kava, na kava ndilo linalaumiwa.

Dar es Salaam: Fundi, yangu inachemka kwenye foleni ya Morogoro Road. Nimetoa mabati yanayozunguka injini ipate hewa, na mfuniko wa nyuma nauacha wazi. Bado.

Rudisha mabati kaka, leo hii. Yale yanatenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini kwenye ekzosti. Ukiyatoa, feni inavuta hewa iliyokwisha kuchemka na kuipuliza tena kwenye silinda. Na ule mpira unaozunguka injini, kama umekatika weka mwingine. Kisha angalia taimingi isiwe mbele mno, kabureta isiwe inanyima mafuta, na feni belti: ibonyeze kwa kidole gumba, ishuke kama milimita 15. Ikilegea, punguza shimu (pete nyembamba) moja kati ya vipande viwili vya puli ya jenereta, na hiyo shimu iweke upande wa nje chini ya nati usiipoteze. Taa nyekundu ya jenereta ikiwaka barabarani, zima hapo hapo, huenda belti imekatika na feni haizunguki. VW 1200 ilishinda mashindano ya East African Safari mwaka 1962 kwenye joto na vumbi letu hili hili, foleni haiwezi kuishinda.

Moshi: Shikamoo. Marehemu baba ameacha Beetle, imekaa bandani miaka mingi. Kaka zangu wanataka kuweka betri waiwashe. Niwaruhusu?

Marahaba mwanangu, poleni kwa msiba. Wazuie kwanza. Jambo la kwanza ni mipira yote ya petroli, kuanzia chini ya tangi mpaka kwenye kabureta. Ule uliofumwa nje kwa uzi unaonekana mzima huku ndani umeshakuwa kama biskuti, na petroli inadondokea karibu na distributa. Bloku ya injini hii ni ya magnesi, ikishika moto kwelikweli maji hayasaidii. Badilisheni mipira yote, mwageni petroli kuukuu, badilisheni oili (lita 2.5, na msafishe chujio la waya, haina filta nyingine). Toeni plagi, tieni oili kijiko kimoja kila tundu, iache ilale, kesho yake mzungushe kwa mkono. Ikizunguka laini, ndipo stata. Na hata ikiwaka isitoke getini kabla breki zote hazijafunguliwa.

Dodoma: Nimenunua plagi nzuri sana za gari la kisasa, nyuzi zinaingia vizuri tu. Zina tatizo?

Zitoe. Beetle inatumia plagi fupi, mfano Bosch W8AC. Ndefu inachomoza ndani ya silinda na inaweza kupigwa na pistoni. Na plagi usikaze hedi ikiwa ya moto, aluminiamu inachanika nyuzi.

Tanga tena: Samahani mkuu, nimetumia somo lako nikaendelea na kubadilisha oili. Nati moja ya lile bamba la chini la chujio la oili inazunguka tu, haikazi.

Stadi (boliti isiyo na kichwa) imevuta nyuzi kwenye bloku. Nati zile sita za spana 10 zinataka 7 Nm tu, ni kukaza kwa vidole viwili kwenye spana fupi. Kuna stadi za kurekebishia, mguu wa chini mnene kidogo kuliko wa juu. Toa bamba, toa ile stadi, safisha tundu, ingiza hiyo mpya na gundi ya nyuzi, na gasketi weka mpya pande zote mbili za chujio. Iache gundi ikauke kabla hujatia oili.