Wakimbiaji wawili, besi moja: refa wa softiboli ufanyeje?

Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Tanga, na Jumamosi nachezesha softiboli ya wasichana wa sekondari, ule mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia kuzunguka vituo vinne viitwavyo besi. Ugomvi ninaousuluhisha mara nyingi hautokani na mrushaji wala mpigaji, ni wa wakimbiaji. Mpira umepigwa, watatu wanakimbia kwa mpigo, mmoja kashtuka karudi, na vumbi likitulia wawili wamesimama besi ya pili wanatazamana. Kocha huyu anasema auti, yaani katolewa, yule anasema salama, na muuza mihogo naye ana hukumu yake.

Kwanza, filimbi iache kwenye mkoba. Wengi wetu tumetokea netiboli au mpira wa miguu, na mkono unaikimbilia wenyewe. Softiboli haichezeshwi hivyo. Mpira bado uko hai, na ukisimamisha mchezo mapema umemwokoa mtu aliyekuwa anakaribia kuguswa. Subiri purukushani iishe, ndipo uinue mikono na kusema "Muda!"

Halafu jiulize swali moja tu: huyu mkimbiaji alilazimika kuondoka alipokuwa? Mpigaji akishapiga na kuanza kukimbia, besi ya kwanza anaidai yeye, kwa hiyo aliyekuwa pale hana budi kusogea, na wa mbele yake vilevile, mradi hakuna besi tupu kati yao. Aliyelazimika anatoka mara mlinzi mwenye mpira anapokanyaga besi anayoiendea. Asiyelazimika ni lazima aguswe mwilini, kwa mpira au kwa glavu iliyoshika mpira.

Sasa rudi kwa wale wawili. Kama hakuna aliyelazimika, besi ni ya wa mbele, na wa nyuma akiguswa ndiye auti. Kama wa mbele alilazimishwa na mpigaji, haki yake pale imekwisha, akiguswa anatoka yeye. Mlinzi mjanja huwagusa wote wawili, na hana kosa. Kazi yako ni kunyoosha kidole na kutaja jezi kwa sauti: "Namba saba auti, namba kumi na mbili salama!" Usipotaja, wote wawili huanza kutoka uwanjani, na hapo umejiletea kesi ya pili.

Kuna tukio moja limewahi kunisimamishia mechi hadi chai ya kocha ikapoa. Mkimbiaji yuko besi ya kwanza, hakuna auti. Mpira unabiringika hadi kwa mlinzi wa besi ya kwanza, anaudaka, anakanyaga besi yake, mpigaji auti. Anautupa besi ya pili, mwenzake anakanyaga na kuruka kwa furaha kabla mkimbiaji hajafika. Uwanja mzima unashangilia auti mbili. Ni moja! Mpigaji alipotoka, ulazima ulitoka naye. Mkimbiaji angeweza hata kugeuka na kurudi besi ya kwanza, kwa hiyo ilibidi aguswe. Kocha akija juu namwambia hivi: kwenye daladala ya Raskazone, aliyekuwa anakusukuma mgongoni akishashuka, nani tena anakulazimisha usogee?

Pointi nazo zinafuata mantiki hiyo. Auti ya tatu, ile inayomaliza zamu ya kupiga, ikiwa ya aliyelazimika, au ya mpigaji kabla hajafika besi ya kwanza, pointi haihesabiwi hata kama mwenzake aligusa nyumbani, yaani besi ya mwisho, mapema. Ikiwa ya kuguswa tu bila ulazima, angalia kipi kilitangulia. Ndiyo maana refa wa nyumbani hapaswi kuvutwa macho na kelele za besi ya pili.

Mpira uliopigwa juu una mitego miwili. Mkimbiaji anaruhusiwa kuondoka kwenye besi yake mpira unapomgusa mlinzi mara ya kwanza. Si lazima udakwe kabisa. Mlinzi akiupapasa papasa kisha akaushika, aliyeondoka kwenye ule mguso wa kwanza yuko halali. Akiondoka mapema, usiseme neno mpaka timu inayolinda idai kabla ya mrusho unaofuata. "Madam, si umeona lakini?" si dai. Waniambie mkimbiaji yupi, kosa gani, besi gani.

Mtego wa pili ni pale besi ya kwanza na ya pili zina watu, auti hazijafika mbili, na mpira unapanda juu ya walinzi wa ndani. Kama mlinzi anaweza kuudaka bila taabu, paza sauti mpigaji ni auti, ili mtu asiuangushe makusudi akavuna auti mbili za bure. Wakimbiaji wakitaka kwenda, wanajitakia. Msimu wa kusi subiri mpira ufike kileleni kwanza, maana upepo unaweza kuupeleka upande wa bahari na "bila taabu" ikawa taabu.

Anayempita mwenzake njiani ni auti papo hapo, mchezo unaendelea. Mlinzi asiye na mpira akiziba njia, nyoosha mkono wa kushoto pembeni, usisimamishe kitu, halafu mpe mkimbiaji haki yake mwishoni.

Besi zetu ni vigunia vya katani tulivyojaza mchanga, na zinahama. Chora alama ya chokaa chini yake. Besi ikisukumwa na mkimbiaji mmoja, anayefuata halazimiki kuifukuza, aende pale ilipokuwa.

Kwenye mabishano zungumza na kocha au kapteni peke yake, na ukitaka kushauriana na refa mwenzako mvute kando. Tenganisha mambo mawili. Aliguswa au hakuguswa ni jicho lako, halina rufani. Ilipaswa aguswe au ikanyagwe besi tu, hiyo ni kanuni, na kocha ana haki ya kuipinga kabla ya mrusho unaofuata. Akipinga, andika kwenye daftari auti ngapi, nani alikuwa besi gani na mpira ulikuwa kwa nani, asaini, mchezo uendelee.