Yusuf akiingia riwayani, ikague kanzu yake

Nasomesha visa vya mitume katika chuo cha Kurani, hapa Wete, na riwaya nasoma usiku watoto wakishalala. Kwa hiyo nikikuta jina la mtume ndani ya hadithi ya kubuni, silipiti hivi hivi. Njia yangu nitaionesha kwa Peponi ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Nobeli ya fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaifasiri kwa Kiswahili, ikatoka 2022.

Kabla hujaifungua riwaya, kisome upya kisa chenyewe cha Nabii Yusuf. Usitegemee ulichohadithiwa na bibi yako. Weka mbele yako sura ya 12 ya Kurani, aya 111, pamoja na kitabu cha Mwanzo kuanzia mlango wa 37. Biblia mimi naazima kwa mwalimu mwenzangu wa bara. Visa hivi viwili vinaafikiana kwa mengi, na pale vinapoachana ndipo utakapojua mwandishi kachota wapi.

Anza na nguo. Katika Mwanzo, mke wa Potifa, bwana wa Misri aliyemnunua Yusufu, anamshika Yusufu vazi, naye analiacha mkononi mwake na kukimbia. Vazi lile linakuwa ushahidi wa kumtia gerezani. Katika Kurani kanzu inachanika kwa nyuma, na huko kuchanika ndiko kunakomtoa lawamani: ingechanika mbele, mwenye makosa angekuwa yeye. Sasa nenda karibu na mwisho wa Peponi. Yusuf, kijana wa riwaya hii, anamkimbia bibi mwenye nyumba, shati linachanika mgongoni. Hapo huna haja ya kumuuliza Gurnah alisoma chuo gani.

Kisha tazama majina yanayomzunguka. Yusuf peke yake ni jina tu. Pemba hii kila mtaa una wake. Lakini humu yuko pamoja na Aziz, tajiri wa misafara, na Zulekha, mke wa tajiri. Aziz ndicho cheo ambacho Kurani inampa yule bwana wa Misri. Zulekha humkuti kwa jina hilo katika Kurani wala Biblia. Kaletwa na wasimulizi na washairi, kama Jami, mshairi wa Kiajemi wa karne ya 15. Majina matatu hayo hayakukutana kwa bahati.

Kazi kubwa ni kuandika yaliyobadilishwa, na hapa usifanye haraka. Vitabuni, ndugu wanamtupa Yusuf kisimani, anauzwa. Mwanzo inataja vipande 20 vya fedha. Kwa Gurnah hakuna ndugu wala kisima. Baba, mwenye kihoteli katika mji mdogo wa Kawa, anadaiwa na Aziz, na mtoto anatolewa rehani. Mtoto anamwita Aziz ami yake, mpaka Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, amwambie huyu si ami yako, mwite seyyid, yaani bwana. Wengi wanakimbilia kwa Zulekha. Mimi nakaa hapa zaidi. Husuda ya ndugu tumeizoea, lakini baba kulipa deni kwa mwanawe kunaniuma zaidi.

Mengine yaandike kwa ufupi. Mtume alifasiri ndoto za mfalme. Huyu anaandamwa na ndoto za kutisha asizoweza kuzifasiri. Mtume alitoka gerezani akakabidhiwa hazina. Huyu, Vita vya Kwanza vikinukia, anaukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani. Wanafunzi wangu wakubwa huniuliza kama huku si kumvunjia mtume heshima. Nawajibu kwamba huyu ni mtoto aliyepewa jina, basi, na wala Gurnah hakudai zaidi.

Ukimaliza, rudi kwa Khalil. Khalilullah ni lakabu ya Nabii Ibrahim, aliyewaacha watu wake akahama. Khalil huyu habanduki dukani, kwa ajili ya Amina, ndugu yake wa kulelewa. Anzia hapo, na safari hii Mwanzo ufungue mlango wa 12.